Kitambaa Kimoja kwa Mizigo Minne

Kwetu Kisangani, msafiri wa mtoni haagwi kwa maneno peke yake. Siku mbili tatu kabla ya safari watu huanza kupita nyumbani, kila mmoja na kitu mkononi: sahani ya kioo, kalenda ya mwaka unaokaribia kwisha, maua ya plastiki, kikombe chenye picha ya moyo. Vitu hivyo hutolewa kwa upendo wa kweli, na sikuwahi kuutilia shaka upendo huo. Nilichokitilia shaka ni vitu vyenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka mmoja tu uliopita, nafundisha elimu ya uraia katika shule ya sekondari, na nilikuwa na imani, ambayo bado ninayo kwa sehemu kubwa, kwamba kumpa mtu zawadi ni kumfikiria mahali ambapo wewe hutakuwepo. Sahani ya kioo haimfikirii mtu atakayekaa siku tatu ndani ya baleinière. Inamfikiria mtu aliyekaa sebuleni.

Baleinière ni mashua yetu ndefu ya mbao yenye injini. Abiria hukaa juu ya mizigo, na mizigo ya chini kabisa hukaa juu ya maji yanayopenya kidogo kidogo na kuchotwa kwa kopo mchana kutwa. Mvua ikinyesha, turubai hufunika nusu ya watu, na nusu nyingine hucheka kwanza, kisha hunyamaza.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama tunavyowaita hapa dada na kaka wakubwa, alikuwa mkunga. Yeye na wenzake watatu walihitimu pamoja, wakasubiri miaka miwili bila kupangiwa kazi, wakijitolea katika wodi ya wazazi ili mikono yao isisahau. Kisha barua zikaja zote katika wiki moja. Watatu walipelekwa upande wa mto Lomami. Yaya peke yake alipelekwa Yahuma: ashuke na mto mkubwa hadi Lokutu, halafu apande pikipiki kuingia ndani. Barua yake ilisema aripoti kabla ya mwisho wa mwezi, akiwa na diploma yake halisi, si nakala. Asipofika nayo, nafasi angepewa anayefuata kwenye orodha. Siku ya safari yake, mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa, na baleinière iliyofuata ingeondoka baada ya siku kumi au zaidi. Nayaeleza haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini asubuhi nitakayoisimulia tulikimbia hivyo.

Niliamua kwamba wakunga hao wanne wataondoka na zawadi zitakazowafaa. Niliuliza kwanza, kama nilivyofundishwa kufanya kabla ya kuandika chochote. Niliwauliza wanawake waliorudi kutoka safari za mtoni walikosa nini. Hakuna aliyetaja sahani. Walitaja sindano na uzi, tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru, kamba ya kufungia chandarua, sabuni iliyokatwa vipande vidogo, kopo lenye mpini, mfuko wa kutapikia. Waendesha toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walinionyesha namna ya kukata mpira wa ndani wa tairi kuwa vipande virefu vyembamba, vinavyobana mzigo kuliko kamba yoyote ya dukani. Kwa ajili ya karatasi nilitengeneza ulinzi wa mifuko mitatu ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, kila shingo imesokotwa, imekunjwa na kukazwa kwa mpira. Niliujaribu uani kwa kuuzamisha ndani ya ndoo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Gazeti nililoliweka ndani lilitoka likiwa kavu kabisa, nikalizungusha kwa majirani kulionyesha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Vitu hivi vyote vilihitaji pochi ya kuvitia, na pochi zilihitaji mama mdogo wetu, mshonaji wa nguo katika soko la Tshopo. Nilimpelekea kitenge kimoja kizima, cha manjano chenye ndege wa kijani. Nilitaka pochi nne, na vipande vinne virefu vya kitambaa hicho hicho, vya kufungwa kwenye mishikio ya mabegi.

Hapo ndipo aliposimamisha cherehani.

"Unaniletea kitambaa moja ju ya bantu bane?"

"Ndiyo, mama mudogo. Wamesoma pamoja, wamesubiri pamoja. Sitaki mmoja apate kizuri na mwingine apate mabaki."

"Pochi, sawa, minashona yote moja. Lakini ile ya kufunga ku valise, kila mutu na yake. Pale libongo banasoma rangi. Habasomi roho yako ya muzuri."

Libongo ni gati letu, na alichokisema nilikijua tangu utoto. Mbebaji wa gatini hana muda wa kusoma majina. Yeye hutazama kitambaa kilichofungwa kwenye mzigo: chekundu cha mama huyu, cheusi cha baba yule, au papa kama tunavyosema. Kitambaa kimoja, mwenye mali mmoja, mashua moja. Ndivyo kazi inavyokwenda pale, na kwa kawaida inakwenda vizuri.

"Nitaandika majina," nikamwambia. "Kwa wino mzito, na juu yake utepe wa gundi."

"Andika, professeur. Mvua nayo inajua kusoma."

Akacheka, akakanyaga cherehani, akanishonea kama nilivyotaka. Sikuona kwamba nilikuwa nimemshinda kwa sababu tu alinipenda.

Niliendelea na usawa wangu hadi mwisho. Niliwashauri wote wanne wanunue mabegi ya aina moja, yale makubwa ya nailoni yenye miraba ya buluu na nyekundu, kwa kuwa ni mepesi na hukauka haraka. Nikawapa kila mmoja kufuli, zote kutoka boksi moja. Siku ya kuwakabidhi, yaya alizitoa zawadi zake moja baada ya nyingine mbele ya wageni.

"Leki yangu," akaniambia, yaani mdogo wangu, "umeweka kamba ya kuanika nguo, umeweka sabuni ya kufua nguo. Bon. Mwanaume wa kunifulia hizo nguo iko wapi?"

"Haikuingia ndani ya pochi," mwenzake mmoja akamjibu, na ua zima likacheka.

Diploma na barua yaya alitaka kuzibeba mwenyewe, ndani ya mkoba wa kwapani. Nilimkatalia. Nilimwambia mkoba huibwa, mkoba hudondoka majini, mkoba hulowa. Mahali salama ni katikati ya begi kubwa, nguo pande zote, ndani ya mifuko yangu mitatu. Alinitazama kidogo, akakubali. Yeye ndiye aliyepanga vitu vya chini ya begi kabla sijafika. Mimi nilipanga vya juu na kuzika karatasi zake katikati kwa mikono yangu.

Asubuhi ya safari manyunyu hayakukoma. Gati lilikuwa tope. Baleinière mbili zilikuwa zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, ile ya Lomami na ile ya Lokutu, na kati yake na sisi kulikuwa na wabebaji, mbuzi, magunia ya chumvi na watu waliokuja kuaga. Wakunga wanne walifika pamoja, mabegi manne yakashushwa pamoja. Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe na kravati, kwa heshima ya siku hiyo. Mbebaji mmoja, mtu mzima mwenye shingo nene, aliyatupia jicho mabegi, akaona manjano, manjano, manjano, manjano, akauliza, "Lomami?" Mmoja wa wale watatu akajibu, "Lomami!" Kisha wote wanne wakakumbatiana, wakapigana picha, wakalia, wakacheka kwamba wanalia. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Baleinière ya Lomami ikaita watu wake. Wale watatu wakapanda. Injini ikakohoa, mashua ikajitenga na ukingo. Tulipunga mikono mpaka ikafika mbali na ukingo, ndipo yaya akageuka.

"Papa," akamwambia mbebaji, "begi yangu umeweka wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ile." Akaelekeza kidevu chake mtoni. "Kitambaa moja, mama moja. Ama mimi ndiye nimebadilisha kazi?"

Yaya hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la mtu, akaweka mikono yake magotini. Nilijaribu kuwapigia simu wale watatu. Kila simu iliita mpaka ikakatika, maana hakuna asikiaye simu kando ya injini ile. Nikawaza Lomami, mto mrefu unaopinda, na begi likishushwa katika gati nisilolijua. Siku tisa. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka yaya alisema polepole, bila hasira, jambo lililoniuma kuliko hasira: "Ningebeba tu kwapani."

Mbebaji ndiye aliyetuokoa, mtu niliyekuwa nimeanza kumlaumu moyoni. "Mbona munakaa kama matanga?" akatuuliza. "Ile mashua inapita kwanza Lubunga, kuchukua mapipa ya mafuta. Kimbieni!"

Lubunga iko ng'ambo, ukingo wa kushoto. Tuliteremka mbio hadi kwenye mitumbwi ya kuvukia, tukajitupa ndani ya mmoja uliokuwa umejaa wanawake waliokuja mjini alfajiri na majani ya muhogo na sasa wanarudi na mabeseni matupu. Mmoja wao alitutazama tunavyohema.

"Munakimbia nini? Mumeiba?"

"Begi yake imepanda mashua bila yeye," nikasema.

"Ah! Begi ya siku hizi habingoji mwenyewe." Akamgeukia yaya. "Na huyu wa kravati ni bwana yako?"

"Ni leki yangu. Ndiye alinifungia mizigo."

"Mama, usimupe tena."

Mtumbwi mzima ukacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu kulikuwa bado na maji mengi mbele yetu na sikuwa na la kufanya. Injini ndogo ilivuta. Ukingo wa Lubunga ulikaribia kwa utulivu usiojali haraka ya mtu. Kisha nikaiona baleinière, imeegeshwa, watu wakiviringisha mapipa juu ya ubao.

Wale watatu walitupokea kwa mayowe. Lakini mashua ina msimamizi wake wa mizigo, hapa anaitwa convoyeur, na bila neno lake hakuna kinachoshuka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la mvua, na alitusikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Minaamini begi moja ni ya huyu mama. Ile gani?"

Mabegi manne yalikuwa yamepangwa pembeni, chini ya turubai. Tuliyatazama. Miraba ya buluu na nyekundu, kitambaa cha manjano, ndege wa kijani. Vibandiko vyangu vya majina vilikuwa vimelowa vikachanika. Kwenye begi moja kulibaki kipande cha utepe wa gundi, bila herufi hata moja. Wakunga watatu nao hawakujua yapi yalikuwa yao.

"Ana ufunguo," nikasema.

Convoyeur akachukua ufunguo wa yaya, akaujaribu kwenye begi la kwanza. Kufuli likafunguka. Nikaanza kushukuru. Akaujaribu kwenye la pili, nalo likafunguka. Akalifunga tena, kisha lile la kwanza, akanitazama.

"Boksi moja?"

"Boksi moja, tonton," nikajibu, kama tunavyowaita wanaume wa umri wa baba zetu.

"Ehe."

Nikamwambia kwamba anaweza kumuuliza yaya kilichomo. Alikubali, hiyo ni kanuni yake, mtu ataje kwanza kabla ya kufungua. Yaya akaanza: tochi, sindano, kamba, sabuni, kopo. Wenzake wakawa wanatikisa vichwa kwa huzuni, maana kila alichokitaja kilikuwemo katika mabegi yote manne. Nilikuwa nimewapa wote sawasawa.

"Mimi sitafungua mizigo minne kwenye mvua, chupi ya kila mutu inje," convoyeur akasema. "Ataje kitu ya kwake peke yake, na aonyeshe begi. Nafungua moja. Ikiwa si yake, mashua inaenda, na shida bataimaliza huko chini."

Yaya akapiga magoti. Nilidhani anasali. Aliweka viganja vyote viwili juu ya begi la kwanza, akabonyeza taratibu kutoka juu kwenda chini, kisha kando kwa kando, uso umegeukia pembeni kama mtu anayesikiliza. Ndivyo alivyokuwa amepapasa matumbo ya wajawazito kwa miaka miwili ile wodini. Mwenzake mmoja alielewa kabla yangu, akafunika mdomo wake.

"Kichwa iko wapi?" akamuuliza.

"Tulia," yaya akasema, akahamia la pili.

Wanaume waliokuwa wakiviringisha mapipa walisimama. Kwenye begi la tatu mikono yake ilikaa muda mrefu chini kabisa, upande wa kushoto. Akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Kitu kilikuwa kinarudi juu chenyewe, laini.

"Ni hii," akasema. "Chini ya kushoto kuna kofia saba za batoto, nilifuma mwenyewe. Sita ni buluu. Ya saba ni ya kahawia, uzi ya buluu iliisha."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za kofia hizo. Convoyeur akafungua, akaingiza mkono chini kushoto, akatoa kofia moja ndogo kama ngumi yake. Akatoa nyingine. Alizihesabu kwa sauti, na gati lote likahesabu naye. Ya saba ilipotoka, ya kahawia, watu walipiga kelele kama mtoto amezaliwa kweli, na mtu mmoja akauliza ni wa kiume ama wa kike.

Yaya hakucheka bado. Aliingiza mkono wake katikati ya begi, akavuta ule mfuko wa plastiki, akafungua shingo tatu kwa meno na vidole, akaitazama diploma yake. Ilikuwa kavu. Barua ilikuwa kavu. Hapo ndipo akaegemeza paji la uso wake juu ya begi, mabega yakashuka.

"Ni wewe ulifunga hizi karatasi?" convoyeur akaniuliza.

"Ndiyo, tonton."

"Umefunga muzuri sana. Mungu akusamehe hiyo ingine."

Wale watatu hawakungoja ushauri wangu tena. Walifungua mabegi yao, wakayatambua kwa nguo, kisha mmoja akachana upindo wa kilemba chake akaufunga kwenye begi, mwingine akafunga soksi ya njano, akakumbuka, akaitoa, akaweka nyeupe. Yaya alivua kitambaa changu kutoka kwenye mshikio, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe hiyo kravati."

Nilimpa. Aliifunga mafundo mawili.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili, pengine. Nilikuwa nimeuchanganya usawa na ufanano. Sikukosea kutaka kwamba asiwepo wa kupewa mabaki. Mpaka leo nalitaka hilo, darasani na nje ya darasa. Lakini niliwatazama watu wanne nikaona kundi, nikalipa kundi zawadi, na mtu aliyekaa jioni nyingi akifuma kofia hadi uzi ukaisha sikumwona, ingawa tulikula sahani moja. Mama mdogo aliliona hilo kutokana na kazi yake ya kupima kila mwili kwa futi. Mbebaji, kwa upande wake, alifanya kazi yake kwa uaminifu, kwa alama niliyompa mimi.

Tulivuka tena, begi likiwa kati ya miguu yetu. Baleinière ya Lokutu ilikuwa bado inapakia. Iliondoka alasiri, mvua ikiwa imekatika. Yaya alikaa juu ya begi lake mwenyewe, diploma na barua zikiwa kwapani, ndani ya ile mifuko mitatu.

Siku ya kwanza ya ukimya niliivumilia. Ya pili nilisahihisha madaftari ya wanafunzi nikayasahihisha upya. Siku ya sita, saa sita mchana, simu ikaita kutoka namba nisiyoijua. Sauti ilikuja na kukatika kama inayopita kwenye majani.

"Leki? Nimesimama juu ya kichuguu, réseau ya simu iko hapa tu. Unanisikia?"

"Nakusikia. Barua?"

"Bamepokea. Diploma bameangalia, bamerudisha, bameandika jina yangu ndani ya daftari. Nimeanza leo asubuhi. Unanisikia? Nimeanza."

Simu ikakatika. Nilikaa chini pale pale, kwenye kizingiti cha darasa, na wanafunzi wakapita wakinisalimu, wakiona haya kwa niaba yangu. Baadaye nilitembea kwa miguu hadi soko la Tshopo, ingawa jua lilikuwa kali na pikipiki zilikuwepo, kwa sababu nilitaka kuibeba habari hiyo peke yangu kwa muda kidogo.

Mama mdogo alikuwa anashona, kando ya sufuria ya lituma, ndizi zetu za kuponda. Nilimwambia kwamba amefika, amepokelewa, ameanza kazi. Mguu wake uliendelea kukanyaga hadi mwisho wa mshono, kisha ukasimama. Akakata uzi. Akafuta macho kwa upande wa juu wa mkono, ule usio na sindano.

"Bon," akasema. "Tangu juzi hukukula, minaona. Kuna lituma ndani ya sufuria. Kaa."